NDEGE MASAA 11, MZIGO SIKU 20: JIFUNZE KUHESABU SAFARI YA GUANGZHOU–DAR KABLA HUJAMWAHIDI MTEJA



Kuna swali moja ambalo kila anayeuza mtandaoni analipata kila siku: "Mzigo unafika lini?" Na kuna jibu moja ambalo wengi tunalitoa haraka haraka ili mteja asitoroke: "Ndani ya wiki tu dada, unakuja kwa ndege."

Sasa hapo ndo shida inapoanzia. Mteja akisikia "ndege" anafikiria masaa. Na wala hajakosea, ndege yenyewe inatumia masaa. Lakini wewe humuuzii tiketi ya ndege, unamuuzia gauni, viatu au kava za simu. Mzigo una safari yake. Usipoijua, utaahidi siku 7, zifike 16, mteja adai hela yake, akuandike vibaya kwenye maoni mbele ya wateja wengine, na hela yenyewe ulishaituma China.

Leo tuichambue safari hiyo mwanzo mpaka mwisho. Chukua daftari na kalamu, hesabu zenyewe ni za darasa la tano.

1. UMBALI: NI KILOMITA NGAPI?

Kutoka Guangzhou mpaka Dar es Salaam, kwa mstari mfupi kabisa wa angani, ni kama kilomita 8,700. Ili upate picha, Dar hadi Mwanza kwa ndege ni kama kilomita 850. Kwa hiyo Guangzhou ni sawa na kwenda Mwanza mara kumi, bila kurudi.

Huo mstari mfupi unapimwaje? Chukua mpira wa miguu na uzi. Weka ncha moja ya uzi sehemu moja, ncha nyingine sehemu ya mbali, halafu uvute uzi ukaze. Hiyo njia ambayo uzi umeishika ndiyo fupi kuliko zote. Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia hiyo ukiichora kwenye ramani ya ukutani inaonekana kama imepinda kidogo. Haijapinda, ni ramani ndiyo iliyonyooshwa. Kwa Dar na Guangzhou, uzi unapita juu ya Bahari ya Hindi, unagusa kusini mwa India, unavuka Ghuba ya Bengal, halafu unaingia Asia ya Kusini-Mashariki mpaka China.

Wenzetu wa Nairobi msijione mko mbali na somo. Nairobi hadi Guangzhou nako ni kama kilomita 8,700. Tofauti na Dar ni ndogo mno, kwa hiyo hesabu za hapa chini zinawahusu pia, mbadilishe tu jina la uwanja na taratibu za forodha.

Ila kumbuka, si kila mzigo unakuja kwa njia fupi. Mizigo mingi inapita kwenye kituo cha kati:

- Kupitia Addis Ababa: Guangzhou–Addis kama km 8,000, halafu Addis–Dar kama km 1,750. Jumla karibu km 9,800.
- Kupitia Dubai: Guangzhou–Dubai kama km 5,800, halafu Dubai–Dar kama km 4,000. Jumla nayo ni karibu km 9,800.

Umeona? Njia zote mbili zinaongeza kama kilomita 1,100 tu, yaani saa moja na ushee ya kuruka. Kwa hiyo kituo cha kati hakikuchelewishi kwa sababu ya umbali. Kinakuchelewesha kwa sababu mzigo unashushwa, unasubiri ndege nyingine, na unapakiwa upya. Tutafika huko.

2. MASAA HEWANI: HESABU YA HARAKA

Ndege kubwa kama Boeing 787 Dreamliner, ambayo Air Tanzania wanaitumia kwa safari za Guangzhou, ikiwa juu kabisa inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawa 8,700 kwa 900 unapata masaa 9 na dakika 40. Lakini ndege haiendi mwendo huo muda wote. Inatembea taratibu uwanjani, inapanda, inashuka, inazunguka kusubiri zamu ya kutua, na wakati mwingine inakwepa mawingu mabaya.

Ukitaka jibu lililo karibu na ukweli, gawa kilomita kwa 800 badala ya 900:

8,700 ÷ 800 = karibu masaa 11.

Jaribu kwa Dubai–Dar: 4,000 ÷ 800 = masaa 5. Ukiwauliza wanaosafiri njia hiyo, watakwambia ni masaa matano na dakika kidogo. Kwa safari ndefu njia hii haikuachi mbali.

Kuna jambo la upepo pia. Juu kule ndege zinakoruka, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa mkali zaidi kaskazini mwa dunia miezi ya Desemba hadi Februari. Ndege ya kwenda China mara nyingi inasukumwa, ya kurudi inapigana nao. Ndiyo maana kwenda na kurudi havilingani dakika kwa dakika. Kwa kupangia, chukua masaa 10 na nusu hadi 12.

Kwa mzigo wako, nusu saa ya upepo haina maana yoyote. Ila ukiwa unasafiri mwenyewe, sehemu inayofuata itakuokoa.

3. SAA ZA CHINA NA SAA ZETU: USIDANGANYWE NA TIKETI

China yote, pamoja na ukubwa wake, inatumia saa moja tu. Na saa hiyo iko mbele yetu kwa masaa 5. Kwetu ikiwa saa 2 asubuhi, Guangzhou ni saa 7 mchana. Kwetu ikiwa saa 2 usiku, kwao ni saa 7 usiku na watu wamelala.

Tiketi inaandika saa ya mji husika, kwa mtindo wa saa 24. Tuseme ndege inaondoka Dar 17:00, yaani saa 11 jioni, na inaruka masaa 11. Inatua saa 10 alfajiri kwa saa za Dar. Ongeza 5, unapata saa 3 asubuhi ya Guangzhou. Tiketi itaandika 17:00 – 09:00, siku inayofuata. Ukitoa kwa haraka unaona masaa 16! Hapana, ni 11.

Kurudi ni kinyume. Ndege inaondoka Guangzhou 13:00, saa 7 mchana. Hapo Dar ni saa 2 asubuhi. Ikiruka masaa 11 na nusu, inatua Dar saa 1 na nusu usiku. Tiketi itaandika 13:00 – 19:30. Ukiangalia juu juu unasema masaa 6 na nusu, China karibu kweli! Kumbe masaa 5 yamejificha.

Kanuni ya kukumbuka: kwenda China, toa masaa 5 kwenye tofauti unayoiona. Kurudi, ongeza 5.

Na hii inakuhusu hata kama hutapanda ndege maisha yako yote, kwa sababu ya kuwasiliana na muuzaji. Ofisi nyingi za kule zinafungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 12 jioni kwa saa zao. Kwetu hiyo ni saa 10 alfajiri mpaka saa 7 mchana. Saa 6 mchana kwao wanakwenda kula, ambayo kwetu ni saa 1 asubuhi. Kwa hiyo dirisha lako zuri la kuongea na muuzaji ni saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, saa za Dar.

Wengi wetu tunafunga duka, tunakula, halafu saa 3 usiku ndo tunaanza kumuuliza Mchina rangi na saizi. Kwake ni saa 8 usiku. Atajibu kesho. Wewe nawe ukiuliza swali moja moja kila usiku, maswali manne ni siku nne zimekwenda na mzigo haujatoka hata dukani kwake. Andika yote kwenye meseji moja: rangi, saizi, idadi, kama ipo stoku, na atautuma lini kwenye ghala la wakala wako. Itume asubuhi.

4. SAFARI YA MZIGO: HATUA SITA

Haya, sasa tufike kwenye kiini cha somo. Masaa 11 ya ndege ni hatua moja tu kati ya sita. Siku ninazoweka hapa ni makadirio ya kupangia kwa mzigo wa kawaida unaokuja kwa ndege kupitia wakala wa kago. Ukishapata za wakala wako mwenyewe, weka zake.

Hatua ya 1: Muuzaji kuandaa mzigo (siku 1–4). Kama bidhaa ipo stoku, siku moja au mbili. Kama anatengeneza kwa oda, au unataka nembo yako, hapo si siku nne tena, ni wiki. Muulize kabla ya kulipa, siyo baada.

Hatua ya 2: Kutoka kwa muuzaji hadi ghala la wakala Guangzhou (siku 1–4). Wengi wanasahau hii. Kununua China siyo lazima iwe kununua Guangzhou. Bidhaa ndogo ndogo nyingi zinatoka Yiwu, mkoa wa Zhejiang, na Yiwu mpaka Guangzhou ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari wa angani, barabara ni ndefu zaidi. Kabla ya kuagiza, angalia muuzaji yuko mji gani. Wauzaji wawili wenye bei moja, mmoja Guangzhou na mmoja Yiwu, hawalingani kwa siku.

Hatua ya 3: Kusubiri ghalani (siku 2–4). Mzigo wako wa kilo 9 haupandi ndege peke yake. Wakala anakusanya mizigo ya watu wengi, anaipima, anaifunga pamoja, ndo anaipeleka uwanjani. Ana siku zake za kufunga. Mzigo wako ukifika siku moja baada ya kufunga, unasubiri mzunguko unaofuata.

Hatua ya 4: Safari ya ndege (siku 1–3). Hapa ndipo yalipo yale masaa 11. Mbona basi siku mpaka 3? Kwanza, mzigo unaweza kupitia kituo cha kati na kulala hapo. Pili, mizigo mingi inakuja kwenye tumbo la ndege ya abiria, na mabegi ya abiria yanapewa nafasi kwanza. Yakiwa mengi, kago inabaki. Na kama safari ya njia hiyo si ya kila siku, kubaki mara moja ni kusubiri siku kadhaa. Ndege za mizigo tupu nazo zipo. Air Tanzania walipokea Boeing 767-300F mwaka 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Ndege ya namna hiyo haina abiria wa kugombania nafasi, lakini nayo ina ratiba yake na foleni yake.

Hatua ya 5: Kugomboa mzigo uwanja wa ndege Dar (siku 1–4). Nyaraka, ushuru wa forodha, VAT, ukaguzi. Mzigo ukitua Ijumaa jioni, kuna uwezekano mkubwa ukaushika wiki inayofuata. Na kumbuka mzigo wako umefungwa pamoja na wa wengine. Mmoja wao akiwa na kitu chenye utata, mnasubiri wote.

Hatua ya 6: Ofisi ya wakala mpaka mkononi kwako (siku 1). Wanapanga, wanapima tena, wanakupigia, unalipia, unachukua. Kama mteja wako yuko Mwanza, Mbeya au Arusha, ongeza siku ya basi.

Jumlisha sasa. Kila kitu kikienda vizuri: 1+1+2+1+1+1 = siku 7. Kila hatua ikijivuta: 4+4+4+3+4+1 = siku 20.

Umeiona hiyo 7? Ndiyo ile tunayowaambia wateja. Ni kweli inawezekana, lakini ili itokee, hatua zote sita lazima ziende vizuri kwa pamoja. Hiyo ni bahati, si ratiba. Na siku 20 ni masaa 480. Ndani ya masaa 480, ndege imetumia 11 tu. Kwa hiyo unapomwambia mteja "unakuja kwa ndege", umemwelezea sehemu ndogo kabisa ya safari.

5. ULIZA SWALI HILI KWA WAKALA

Wakala akikwambia "kwa ndege ni siku 7 mpaka 10", usishukuru ukakata simu. Uliza: zinaanza kuhesabiwa lini?

- Tangu nilipomlipa muuzaji?
- Tangu mzigo ulipopokelewa ghalani?
- Au tangu ndege ilipoondoka?

Mara nyingi ni la pili au la tatu. Yaani hatua ya 1 na ya 2, na pengine ya 3, hazimo kwenye siku zake. Wakala hajakudanganya, ametimiza siku 10 zake. Mteja wako naye ameanza kuhesabu siku aliyokutumia hela. Katikati yenu kuna pengo la siku 5 au 8, na aliyesimama kwenye pengo hilo ni wewe.

Uliza na hili: ni siku za kawaida au siku za kazi? Siku 10 za kazi ni wiki mbili kamili.

Halafu ndege ikishaondoka, omba namba ya hati ya mzigo wa ndege. Huwa na tarakimu 11, na tatu za mwanzo zinatambulisha shirika. Ukiona inaanza na 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways, 706 ni Kenya Airways. Ukiingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa kago wa shirika husika unaona mzigo uko wapi. Si kila wakala atakupa, kwa sababu hati ni moja kwa mizigo ya watu wengi, lakini kuomba si kosa.

6. VITU VINAVYOVURUGA HESABU YOTE

Mwaka mpya wa Kichina. Mwaka 2026 uliangukia tarehe 17 Februari, na 2027 ni tarehe 6 Februari. Usihesabu siku hiyo peke yake. Wafanyakazi wa viwanda wanarudi kwao mikoani, na shughuli zinalala wiki kadhaa, kabla na baada. Mzigo wa Januari agiza Desemba.

Tarehe 1 hadi 7 Oktoba. Sikukuu ya taifa la China. Viwanda na ofisi nyingi zinafungwa.

Maonyesho ya Canton. Yanafanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Kama unapanga kwenda mwenyewe, hoteli zinapanda bei na ndege zinajaa.

Kuelekea Idi na Desemba. Huku kwetu kila mtu anaagiza kwa wakati mmoja. Maghala yanajaa, nafasi za ndege zinagombaniwa, foleni ya kugomboa inarefuka. Kipindi hiki chukua siku 20 zako, ongeza wiki.

Betri. Hili lisikie vizuri kama unauza vifaa vya simu. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama kago kwenye ndege za abiria, na pawabenki inahesabiwa ni betri. Kwa hiyo pawabenki haziwezi kupanda kwenye lile tumbo la ndege ya abiria pamoja na magauni. Zina njia yake, bei yake na siku zake. Manukato na vitu vinavyoshika moto navyo vina masharti. Usichanganye pawabenki 5 kwenye boksi la nguo ukidhani hazitaonekana. Zikionekana, boksi zima linabaki.

7. DAFTARI LINAJUA KULIKO WAKALA

Makadirio yangu ni ya kuanzia tu. Hesabu ya kweli ni ya kwako. Kwa kila oda andika tarehe nne: siku uliyolipa muuzaji, siku ilipofika ghalani Guangzhou, siku ndege ilipoondoka, siku ulipoushika mzigo.

Tuseme oda zako sita za mwisho zilichukua siku 11, 12, 12, 13, 14 na 19. Wastani wake ni siku 13 na nusu. Wengi hapa wangesema, "Basi nitaahidi siku 13." Angalia kinachotokea: ile ya 14 na ile ya 19 zimechelewa. Wateja wawili kati ya sita wana hasira. Hakuna duka linalokua kwa kukasirisha wawili katika kila sita.

Usiahidi kwa wastani. Ahidi kwa ile iliyochelewa zaidi, na uongeze siku moja. Hapo ahadi yako ni siku 20. Kati ya wale sita, wote sita wamepata mzigo kabla ya siku uliyosema, na watano wameupata mapema mno mpaka wanakusifia. Mzigo ni uleule, ndege ni ileile, kilichobadilika ni sentensi yako tu.

Utasema, "Nikisema siku 20 mteja ataenda kwa mwingine anayesema 7." Wapo watakaoenda. Lakini huyo wa siku 7 atawarudisha kwako mwenyewe. Na atakayebaki ni yule anayepanga mambo yake, ambaye ndiye anayerudi kununua tena.

8. MTEJA MWENYE TAREHE: HESABU KURUDI NYUMA

Huyu ndiye mteja wa hatari kuliko wote. Anataka sare za harusi, viatu vya wasimamizi, mapambo ya sendofu. Ukimchelewesha, hakuna cha kumpa, hata umrudishie hela yote. Harusi imepita.

Kwake usihesabu kwenda mbele, hesabu kurudi nyuma. Mfano: harusi ni Jumamosi tarehe 28. Anahitaji siku tatu za kujaribisha na kurekebisha, kwa hiyo mzigo uwe mkononi mwake Jumatano tarehe 25. Toa siku 20. Unapata tarehe 5. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kulipa muuzaji. Hela ya mteja iwe imeingia tarehe 4.

Amekuja tarehe 12? Zimebaki siku 13. Inaweza kufika, inaweza isifike. Hapo una njia tatu za haki: atafutiwe kilichopo tayari Kariakoo hata kama si rangi ileile, alipie usafiri wa haraka wa mlango kwa mlango, baada ya kumwonyesha bei yake halisi, au umwambie hapana. Njia ya nne, ya kuchukua hela na kuomba Mungu, ndiyo inayofunga kurasa za watu.

Unaweza kumjibu hivi:

"Dada yangu, nashukuru kwa oda. Nimehesabu siku, viatu kutoka China vinaweza kufika kati ya siku 11 na 20, na harusi yako iko karibu. Sitaki nikuharibie siku yako. Naomba nikutafutie vilivyopo hapa Dar, nikutumie picha leo jioni uchague."

Na kwa mteja wa kawaida:

"Kaka, bidhaa hii ni ya kuagiza. Ukilipia leo, utaipata ndani ya siku 20. Mara nyingi inafika kabla. Nitakujulisha mzigo ukifika ghalani China, ukipanda ndege, na ukifika Dar."

Hiyo sentensi ya mwisho usiipuuze. Mteja anayepata meseji tatu njiani haulizi kila siku. Anayekaa kimya siku 15 bila kusikia kitu anaanza kuhisi ametapeliwa, hata kama mzigo uko palepale unapotakiwa kuwa.

9. NA MELI JE?

Kwa kifupi: kutoka Guangzhou kwa meli, weka siku 45 hadi 60 mpaka mkononi, ukijumlisha kujaza kontena, safari, na kutoa mzigo bandarini. Bei ni ndogo sana ukilinganisha na ndege, ila mtaji wako unalala. Hela inayozunguka kwa ndege siku 20 na kuuzwa siku 10, imerudi ndani ya mwezi mmoja. Hiyohiyo kwa meli, siku 60 na kuuzwa siku 30, imerudi baada ya miezi mitatu. Mizunguko mitatu dhidi ya mmoja. Kwa hiyo vyepesi na vya fasheni peleka kwa ndege. Vizito na visivyopitwa na wakati, kama vyombo vya nyumbani, peleka kwa meli. Na usichukue hela ya mteja mmoja mmoja kwa mzigo wa meli. Leta wako, uza ukiwa nao.

KAZI YA NYUMBANI

Leo kabla hujalala fanya mambo matatu:

1. Fungua meseji zako za zamani, toa tarehe za oda tano za mwisho, uandike zilichukua siku ngapi.
2. Muulize wakala wako siku zake zinaanza kuhesabiwa lini.
3. Nenda kwenye posti zako, popote ulipoandika "siku 7", weka namba yako ya kweli.

Kisha andika kwenye maoni: oda yako iliyochelewa kuliko zote ilichukua siku ngapi, na ilikwama hatua ya ngapi kati ya zile sita? Tukiona majibu ya wengi, kila mtu atajua pa kuongeza siku kwenye ahadi zake.

Kama una mwenzako anayeagiza mizigo China, mtumie somo hili. Biashara njema.